Cheo Kikubwa, Subira Ndefu: Kanuni za Kuyapa Majengo ya Umma Majina ya Viongozi



Tarehe 24 Februari 2021 jiji la Dar es Salaam lilipata majina mawili makubwa kwa siku moja. Ubungo, Rais John Magufuli alizindua barabara za juu akazipa jina la Mhandisi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi aliyekuwa amefariki tarehe 17, wiki moja tu kabla. Mbezi, kikazinduliwa kituo kikuu cha mabasi ya mikoani, nacho kikabeba jina la Rais mwenyewe. Tarehe 17 Machi Rais naye akafariki dunia.

Wote wawili wametangulia mbele ya haki, na sikuja hapa kuwapima. Swali langu ni la utaratibu. Kitu kilichojengwa kwa kodi ya wananchi kikikamilika, nani ana haki ya kukipa jina, ampe nani, na baada ya muda gani? Yapo mataifa yaliyoandika majibu ya maswali hayo katika sheria. Sisi mara nyingi tumeyaacha yajibiwe na mgeni rasmi, mkasi ukiwa mkononi na utepe mbele yake.

Nitatetea hoja moja: cheo cha anayeheshimiwa kikiwa kikubwa, subira kabla ya kumpa jengo iwe ndefu, cheo kikiwa kidogo, subira iwe fupi. Leo tunafanya kinyume chake.

Tulikotoka

Mkoloni alijua kazi ya jina. Mwaka 1956 Waingereza walifungua hospitali mpya Dar es Salaam wakaiita Princess Margaret. Nairobi, hospitali iliyoanza mwaka 1901 kwa ajili ya wenyeji ilipewa mwaka 1952 jina la Mfalme George wa Sita. Mgonjwa aliyeletwa na machela kutoka Kisarawe au Kiambu alipita chini ya jina la mtu asiyemjua wala asiyemchagua, na hilo ndilo lililokusudiwa.

Uhuru ulipokuja, majirani hawa wawili waliamua tofauti. Tanganyika iliipa hospitali yake jina la mahali: Muhimbili. Kenya iliipa yake jina la kiongozi wake, na tangu mwaka 1964 inaitwa Kenyatta, Mzee akiwa hai na akiwa ndiye kiongozi wa nchi. Sisemi kwamba mmoja alikosea. Nasema tu kwamba njia zote mbili zilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Kumpa jengo mtu aliye madarakani haukuwa utamaduni wetu wa kurithi wala lazima ya ujenzi wa taifa. Ulikuwa uchaguzi, na uchaguzi hujadiliwa.

Majirani wengine walikwenda mbali zaidi. Katika miaka ya 1970 Idi Amin wa Uganda na Mobutu wa Zaire waligawana maziwa ya mpakani: Ziwa Edward likawa Ziwa Idi Amin Dada, Ziwa Albert likawa Ziwa Mobutu Sese Seko. Leo ramani zimerudia majina ya watu wa ukoo wa kifalme wa Uingereza, jambo ambalo lingewachukiza wote wawili. Aliyejipa jina kwa nguvu ya kiti hakufanikiwa hata kumwondoa mkoloni. Alimwachia mkoloni nafasi ya kurudi.

Desturi ya kipaza sauti

Tuje karibu. Daraja la Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 likiwa na jina la Rais Benjamin Mkapa, naye akiwa bado Ikulu. Mwaka 2015, mwaka wa mwisho wa Rais Jakaya Kikwete madarakani, ilizaliwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na mwaka huohuo Dodoma ikapata Hospitali ya Benjamin Mkapa, mwenye jina akiwa mstaafu aliye hai. Kenya nako, jumba la mikutano la kimataifa la Nairobi lilifunguliwa mwaka 1973 likiwa na jina la Kenyatta aliyekuwa Rais, na uwanja wa Kasarani ukajengwa kwa ajili ya michezo ya Afrika ya mwaka 1987 ukiwa na jina la Moi aliyekuwa Rais.

Katika orodha hii kuna tukio moja ambalo mimi nalipenda. Septemba 2018, barabara ya juu ya TAZARA ilizinduliwa ikiwa na jina la Mhandisi Patrick Mfugale, mtendaji mkuu wa TANROADS, wakala wa barabara. Hakuwa rais wala waziri. Alikuwa mtaalamu wa madaraja, na daraja likapewa jina la fundi wake. Linganisha na lile jumba la Nairobi: mmoja wa wasanifu wake alikuwa David Mutiso, msanifu majengo Mkenya aliyetumikia serikali, lakini Mkenya wa kawaida akiulizwa jina lililoko pale atakutajia Rais.

Hata hivyo jina la Mfugale, pamoja na uzuri wake, lilitolewa akiwa kazini, akiendelea kusimamia zabuni na makandarasi. Wahenga walituonya kuhusu mgema anayesifiwa. Mfugale alifariki mwaka 2021 na heshima yake. Lakini kanuni haitungwi kwa ajili ya mgema mwaminifu.

Hapa pana jambo tunalolisahau. Jina likitolewa, wanaofaidika ni wawili: anayepewa na anayetoa. Macho yote humwelekea anayepewa: anastahili au hastahili? Anayetoa hapimwi na mtu. Kumbe yeye ndiye anayepata faida ya haraka. Anaonyesha utii kwa mkubwa wake, au anatuliza mkoa ulionuna, au anawakumbusha wapinzani ni nani mwenye nyumba. Kwa hiyo kanuni ya majina kazi yake ya kwanza ni kumfunga mikono mtoaji.

Ukishuka mpaka kwenye kata ndiko utakakoona vizuri. Shule za sekondari za kata zilipojengwa kwa wingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, nyingi zilipewa majina ya wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya, mawaziri na wabunge waliokuwa kazini. Fikiria kikao cha baraza la madiwani. Mmoja anasimama na kupendekeza kwamba shule iitwe kwa jina la mkuu wa wilaya, naye mkuu wa wilaya amekaa pale mbele. Diwani gani atanyoosha mkono kupinga? Akipinga jina, amempinga mtu. Wote wanapiga makofi, na kwenye muhtasari makofi yanaandikwa kuwa ni maridhiano.

Kisha miaka inapita. Ukuta unapata nyufa, maabara haina vifaa, fedha za awamu ya pili hazionekani. Mkaguzi anapoandika taarifa, jina la mkubwa limekaa kwenye kichwa cha habari. Taarifa ya upungufu wa jengo inasomeka kama shutuma dhidi ya mwenye jina, na mkaguzi mwenye watoto wa kusomesha atatafuta maneno laini. Hiyo ndiyo gharama ambayo haionekani kwenye bei ya kibao.

Muda unavyohukumu

Mtu atasema: basi tungoje mwenye jina afe, yaishe. Kifo peke yake hakitoshi.

J. Edgar Hoover aliongoza idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, tangu 1924 hadi alipofariki tarehe 2 Mei 1972. Siku mbili baadaye, machozi hayajakauka, Rais Nixon alitangaza kwamba makao makuu mapya ya FBI yaliyokuwa yakijengwa Washington yataitwa kwa jina lake. Jengo lilifunguliwa mwaka 1975. Mwaka huohuo kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilianza kufukua mafaili. Wamarekani wakasikia jinsi idara ya Hoover ilivyowachunguza kwa siri raia waliodai haki zao, na jinsi ilivyotega vinasa sauti katika vyumba vya hoteli alimolala Martin Luther King. Kila mara wabunge wanapoleta hoja ya kuliondoa jina hilo, zinaanza kelele za kisiasa zisizokwisha. Lililotolewa kwa siku mbili limeshindikana kuondolewa kwa miaka zaidi ya hamsini.

Muda hauteremshi tu, hupandisha pia. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwanamke aliyeijaza TANU wanawake wa Dar es Salaam. Baadaye alishtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha akaachiwa kwa msamaha mwaka 1972. Kama mwaka 1971 ingeundwa kamati ya kuamua nani akumbukwe milele, jina lake lisingepata hata kichochoro. Leo barabara yake inapita katikati ya jiji, na hakuna anayeshangaa.

Hoover na Bibi Titi wanatufundisha somo lilelile kutoka pande mbili. Kizazi kilichomuogopa mtu, kilichompenda au kilichogombana naye hakina umbali wa kutosha wa kumwona. Na kadiri mtu alivyokuwa na mamlaka makubwa, ndivyo mafaili yake yanavyochukua muda mrefu kufunguka. Faili la muuguzi mkuu wa zahanati linajulikana na kijiji kizima siku anapostaafu. La mkuu wa upelelezi linahitaji miongo.

Wenzetu walivyoandika

Ufilipino ilitunga mwaka 1954 sheria namba 1059 inayokataza kuipa mitaa, miji, shule, majengo ya serikali, magati, hata ndege na meli za serikali, majina ya watu walio hai. Ni sheria fupi na haina maneno ya kupindisha. Hata hivyo, Ferdinand Marcos akiwa madarakani barabara kuu ya mlimani ya kwenda Baguio iliitwa kwa jina lake, na alipokwisha kuanguka ikabadilishwa. Sheria ilikuwepo, ila aliyepaswa kuisimamia ndiye aliyeivunja. Kanuni isiyo na chombo kinachoweza kumwambia mkubwa hapana ni karatasi.

Marekani ina historia ndefu zaidi. Chanzo chake ni ofisa wa ngazi ya kati, Spencer Clark, msimamizi wa uchapaji wa fedha, aliyeweka picha yake mwenyewe kwenye noti ya senti tano. Bunge likakasirika, na mwaka 1866 likapiga marufuku sura ya mtu aliye hai kwenye fedha. Kwa upande wa majengo, kanuni za Baraza la Wawakilishi zinazuia kujadili mswada wa kuipa kazi ya umma jina la mjumbe ambaye bado anahudumu. Ofisi ya posta haipati jina la mtu mpaka mswada upite mabaraza yote mawili na kusainiwa na rais, kama sheria nyingine yoyote. Wengi huwacheka kwa kupoteza muda juu ya posta. Mimi naona hekima: kila jina lina mwombaji anayejulikana, kura iliyohesabiwa na tarehe.

Jambo jingine katika posta hizo linatufaa sana. Jina likipita, anwani haibadiliki. Barua zinaendelea kuja kwa jina la mahali, na jina la mheshimiwa linaandikwa kwenye kibao ndani ya jengo. Heshima na matumizi vimetenganishwa.

Lakini wenzetu nao wana udhaifu wao. Kamati ya Seneti inayoshughulikia majengo ya umma ina kanuni ya kutompa jengo mtu aliye hai, kisha inataja wasioguswa na kanuni hiyo: marais na makamu wa rais wastaafu, wabunge wastaafu waliopita miaka 70, majaji wa Mahakama ya Juu wastaafu waliopita umri huohuo, na majaji wa shirikisho waliostaafu na waliopita miaka 75. Utaona kwamba walioruhusiwa kupokea wakiwa hai ni wakubwa. Mwalimu, askari na mhandisi hawamo. Ukuta umejengwa vizuri, kisha mlango ukakatwa mahali ambapo mwizi angepitia.

Hatari ya kusubiri

Ndugu zangu, niwe mkweli juu ya udhaifu wa hoja ya subira. Tukisema kila mtu asubiri miaka kumi baada ya kifo, nani ataibuka mwishoni? Ni yule mwenye chama, ukoo au wakfu wa kulitunza jina lake. Rais atakumbukwa, atake asitake. Mkunga aliyezalisha watoto wa tarafa nzima kwa miaka thelathini hana wakfu. Akipita miaka kumi kaburini, waliomjua wamehama, na jengo litapewa mwanasiasa mwingine. Subira iliyo sawa kwa wote huwanyima wanyonge.

Ndiyo maana nasema subira ipimwe kwa cheo. Chanda chema huvikwa pete, na vidole vingi vyema katika nchi hii havijawahi kushika kalamu ya kusaini mkataba. Hao tuwape mapema, wakiwa hai ikiwezekana, maana jina lao halimwogopeshi mkaguzi wala halimnunui diwani. Wenye mamlaka ndio wasubiri, kwa sababu jina lao lina uzito ambao bado haujatoka kwenye kiti.

Ninachopendekeza

Kwanza, mtu aliye kwenye madaraka ya umma, kuanzia diwani hadi Rais, asipewe jengo, barabara, daraja, shule wala hospitali. Katazo hili limhusu pia mume au mke wake, na lisiwe na mlango wa pembeni.

Pili, pawe na ngazi. Mtumishi asiye na mamlaka ya kisiasa wala ya fedha, kama mwalimu, muuguzi au fundi, aweze kupewa jina siku anapostaafu. Mtendaji mkuu wa taasisi, jaji au katibu mkuu asubiri miaka mitano baada ya kuondoka kazini. Mbunge na waziri wasubiri miaka mitano baada ya kufariki. Mkuu wa nchi asubiri miaka kumi baada ya kufariki. Tanzania tayari ina sheria ya mwaka 2004 ya kuwaenzi waasisi wa taifa, Mwalimu Nyerere na Mzee Karume, kwa hiyo wazo la kuiwekea heshima utaratibu wa kisheria si geni kwetu. Linahitaji kupanuliwa liwafikie wengine wote.

Tatu, anayezindua asiwe anayetoa jina. Pendekezo liandikwe, lieleze sababu, libandikwe kwenye ofisi ya kata na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali kwa siku sitini. Kura ipigwe kwa siri, katika baraza la madiwani kwa mali ya halmashauri na bungeni kwa mali ya taifa. Kura ya siri ndiyo itakayomwokoa yule diwani niliyemtaja. Mgeni rasmi atakuja kukata utepe, na jina atalikuta limekwisha kuamuliwa.

Nne, jina la kazi libaki. Kituo kiendelee kuitwa kwa mahali pake kwenye tiketi na ramani, na jina la heshima liwe kwenye kibao, pamoja na aya mbili za kueleza mtu huyo alifanya nini. Wananchi wameshaanza kuifuata kanuni hii bila kuandikiwa. Daladala ikikaribia ile barabara ya juu, konda anaita Tazara. Mkenya anakwenda Kasarani. Anayetaka jina lake liishi midomoni mwa watu hawezi kulipata kwa amri.

Tano, pawe na njia ya kuliondoa jina, na iwe ileile lililoingilia: pendekezo la maandishi, siku sitini, kura ya siri. Pasipo njia hiyo watu hutafuta yao. Mwaka 2021 barabara moja ya Kileleshwa, Nairobi, ilipopewa jina la kiongozi wa wafanyakazi Francis Atwoli, bango lake lilikatwa, kisha likachomwa moto. Siwaungi mkono waliofanya hivyo. Lakini mwananchi asiyeulizwa wakati wa kutoa, wala asiyesikilizwa wakati wa kulalamika, amebakishiwa msumeno na kiberiti.

Majibu kwa wenye shaka

Kuna watakaosema kwamba tunawanyima wazee wetu shukrani, na kwamba sifa anazopewa maiti hazisikii. Ni hoja ya utu na ninaiheshimu. Lakini dola ina njia nyingi za kumshukuru mtu akiwa hai: nishani, shahada za heshima, pensheni nono ambazo wakuu wetu wanazipata kwa mujibu wa sheria. Nishani hurudi nyumbani na aliyevishwa. Jengo hubaki kwa watu ambao hawajazaliwa, na hao hawakuwepo kwenye hafla.

Wengine wataniletea mfano wa Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam. Julai 2020, Mzee Mkapa akiwa hajazikwa, Rais Magufuli alitangaza kwamba uwanja huo utaitwa kwa jina la marehemu. Hapakuwa na subira ya siku kumi, sembuse miaka. Na jina limeshika: mashabiki wa Simba walilifanya tambo, kwamba kwa Mkapa hatoki mtu. Je, haikuwa sawa? Nadhani uwanja ulioanza kujengwa katika utawala wake ungeweza kumfikia Mkapa hata kwa njia ndefu. Ndiyo faida ya kungoja: anayestahili hapotezi kitu, kwa sababu miaka kumi ikipita bado anastahili. Anayepoteza ni yule ambaye jina lake lisingehimili kungoja.

Watakuwepo pia watakaosema kwamba nchi ina shida kubwa kuliko vibao. Ni kweli. Lakini utaratibu huu hauhitaji bajeti mpya wala ofisi mpya. Halmashauri yoyote inaweza kuanza, kwa sababu madiwani wanaweza kukubaliana leo juu ya namna watakavyoyapa majina majengo yao wenyewe bila kungoja Bunge.

Ninyi wanafunzi mtakuwa maofisa mipango, wanasheria wa halmashauri, wahandisi wa wilaya na madiwani. Siku moja mtaletewa muhtasari wa kikao wenye mstari mmoja unaosema kwamba zahanati mpya itaitwa kwa jina la mheshimiwa fulani, na mtaombwa msaini. Ulizeni pendekezo la maandishi liko wapi, wananchi wa kata ile walipewa siku ngapi, na mheshimiwa huyo ana cheo gani leo. Jibu la swali la tatu likiwa ni cheo kikubwa, rudisheni faili.